A Raisin in the Sun kwenye televisheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, ilifunguliwa Broadway, New York, tarehe 11 Machi 1959. Tangu hapo televisheni ya Marekani imeitengenezea filamu mbili kubwa, moja mwaka 1989 na nyingine mwaka 2008. Watu huzichanganya, au huona moja wakadhani wamemaliza. Majibu haya ni kwa anayetaka kujua aanze na ipi, atarajie nini, na kwa nini hadithi ya familia moja ya Chicago inastahili muda wake.

Filamu ziko ngapi hasa?

Zinazotajwa sana ni tatu. Ya kwanza ni ya mwaka 1961, iliyoongozwa na Daniel Petrie, na hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Wamo Sidney Poitier, Ruby Dee, Claudia McNeil na Diana Sands, wote wakiwa wametoka kuucheza mchezo huo jukwaani, na skripti aliandika Hansberry mwenyewe.

Ya pili ni ya 1989, iliyorushwa na PBS, televisheni ya umma ya Marekani, katika mfululizo wa American Playhouse. Aliyeiongoza ni Bill Duke. Kama ulikulia kwenye vibanda vya video, sura yake unaijua: ndiye yule jamaa mrefu mwenye kipara wa Commando na Predator. Danny Glover ni Walter Lee, mwana wa familia, na Esther Rolle ni Mama.

Ya tatu ilirushwa na kituo cha televisheni cha ABC tarehe 25 Februari 2008, baada ya kuonyeshwa mwezi Januari kwenye tamasha la filamu la Sundance. Mwongozaji ni Kenny Leon, na waigizaji wakuu ni Phylicia Rashad (Mama), Audra McDonald (Ruth), Sanaa Lathan (Beneatha) na Sean Combs (Walter Lee).

Hadithi yenyewe inahusu nini?

Familia ya Younger inaishi South Side, Chicago, kwenye vyumba vya kupanga vyenye mwanga hafifu. Bafu liko koridoni na wanalichangia na wapangaji wengine. Aliyewahi kupanga chumba cha uani, akaamka alfajiri kuwahi foleni ya bafu, ataielewa dakika ya kwanza ya mchezo bila kuelezwa.

Baba, Big Walter, amefariki. Bima yake ya maisha italipa dola 10,000, na hundi iko njiani. Mjane wake, Lena, ambaye wote wanamwita Mama, anataka nyumba yenye kipande cha bustani. Mwanawe Walter Lee ni dereva wa tajiri Mzungu, na amechoka kufungua na kufunga milango ya gari la mtu. Anataka kufungua duka la pombe na wenzake. Binti, Beneatha, anasoma na anataka kuwa daktari. Ruth, mke wa Walter, ni mjamzito, na wazo la kuongeza tumbo jingine la kulisha kwenye vyumba vile linamnyima raha. Travis, mtoto wao, analala kwenye kochi la sebuleni.

Mama anatanguliza dola 3,500 kununua nyumba. Nyumba hiyo iko Clybourne Park, mtaa wa Wazungu watupu. Zilizobaki, 6,500, anamkabidhi Walter, akimwagiza aweke 3,000 benki kwa ajili ya masomo ya Beneatha. Yaliyofuata sitayamaliza hapa, ila baadhi ya majibu ya chini yanagusa mwisho. Asiyetaka kuujua aishie swali la nne.

Dola 10,000 zilikuwa nyingi kiasi gani?

Kwa bei za leo ni zaidi ya dola 100,000. Lakini hesabu ninayoiamini zaidi iko ndani ya mchezo wenyewe. Asubuhi Travis anaomba senti 50 za shule. Ruth anamwambia hana. Walter, kwa kutotaka mwanawe ajione maskini, anatoa senti 50, kisha anamwongezea 50 nyingine za kununua matunda au kupanda teksi. Mtoto anaondoka amefurahi. Muda si mrefu Walter anarudi mlangoni, amekwisha kuvaa, na inambidi amwombe mkewe nauli ya kwenda kazini. Ruth anampa senti 50.

Huyo ndiye mtu atakayeshika maelfu ya dola mkononi. Kwenye jukwaa aliyekaa viti vya nyuma haioni ile sarafu. Anaona watu wawili wamesimama. Kamera inaweza kusogea mpaka kwenye uso wa Ruth anapotoa pesa. Kwa vitu vya aina hii televisheni ina nguvu ambayo ukumbi wa watu elfu moja hauna.

Nianze na ipi?

Anza na ya 1989. Najua ile ya 2008 ina picha nzuri zaidi na sura ambazo wengi wanazijua, na ya 1961 ina Poitier akiwa kwenye kilele chake. Lakini ya 1989 ndiyo inayokupa tamthilia nzima. Inakaribia saa tatu, na karibu muda wote tuko ndani ya vyumba vilevile. Haikimbii, na haioni aibu kwamba ilizaliwa jukwaani.

Ukishaiona hiyo, ya 2008 itakupa raha ya kulinganisha. Ukianza na ya 2008, hutajua ni nini kilichopunguzwa.

Kwa nini ya 1989 inaonekana kama wamerekodi jukwaani?

Kwa sababu ilikusudiwa hivyo. American Playhouse ilikuwa na desturi ya kuiheshimu tamthilia kama tamthilia. Duke hakujaribu kututoa nje kila baada ya dakika kumi ili kutukumbusha kwamba hii ni filamu.

Na mchezo huu unahitaji kuta. Hansberry aliujenga juu ya watu watano wasio na pa kukimbilia. Walter akigombana na Ruth, mtoto yuko palepale. Beneatha akimkana Mungu mbele ya Mama, na Mama akamzaba kofi, hakuna chumba cha kwenda kulia kisichosikika. Ukimtoa Walter nje akapunge upepo, umempa kitu ambacho mwandishi alimnyima makusudi.

Hapa ndipo ninapoitofautisha ya 2008. Skripti yake, iliyoandikwa na Paris Qualles, inafungua milango: tunatoka mitaani, tunaingia baa, tunawaona watu kwenye mihangaiko yao. Kuna faida. Chicago ya miaka ile inaonekana, na anayeiona kwa mara ya kwanza hachoki. Lakini kila tunapotoka nje, ule mbano unalegea, na tukirudi ndani inabidi uanze kujengwa upya.

Ni kweli kwamba sehemu za tamthilia zilikatwa mwaka 1959?

Ni kweli, na jambo hili linaeleza kwa nini matoleo hayalingani. Kabla ya kufika Broadway mchezo ulipunguzwa ili usiwe mrefu mno. Kati ya vilivyoondoka ni onyesho la jirani aitwaye Bi Johnson, pamoja na lile ambalo Beneatha anavua kitambaa na kuonyesha nywele zake za asili, zilizokatwa fupi, bila kunyooshwa kwa moto. Mwaka 1959 msichana Mweusi mwenye nywele za asili jukwaani lilikuwa jambo zito.

Baada ya Hansberry kufariki, Robert Nemiroff, aliyekuwa mumewe na ndiye aliyeachiwa kazi zake, alizirudisha sehemu hizo kwenye maandishi. Filamu ya 1989 ilifuata maandishi hayo yaliyorudishiwa. Ndani yake Bi Johnson yupo, ameigizwa na Helen Martin.

Wapo wanaosema Bi Johnson ni wa kuchekesha tu: jirani mdaku, anayekula na kunywa vya watu huku akitafuta habari. Mimi sikubali. Anakuja na gazeti la Watu Weusi, na ndani yake mna habari ya familia iliyolipuliwa kwa bomu ili ihame kwenye mtaa wa Wazungu. Analisema hilo kwa tabasamu, kikombe mkononi. Kuanzia hapo unajua familia ya Younger inahamia wapi. Mtu aliyeona toleo lisilo na Bi Johnson anaweza kuondoka akiamini kwamba mwisho ni wa furaha. Aliyemsikia Bi Johnson anaona makochi yakibebwa na moyo unamdunda. Wahakiki wengi wa mwanzo waliusifu mchezo kwa mwisho wake mtamu, na sishangai, maana lile gazeti hawakusomewa.

Je, kweli kulikuwa na watu kama Karl Lindner?

Lindner ndiye Mzungu pekee mwenye nafasi ya maana katika hadithi. Anakuja kwa niaba ya chama cha wakazi wa Clybourne Park. Hatukani wala hapandishi sauti. Anaeleza kwa upole kwamba watu huishi vizuri zaidi wakiwa na wenzao, kisha anataja kwamba wako tayari kuinunua nyumba kutoka kwa familia ili wasihamie.

Hansberry hakumtoa hewani. Mwaka 1937, yeye akiwa mtoto, baba yake Carl Hansberry alinunua nyumba kwenye mtaa wa Chicago ambao wenye nyumba walikuwa wamewekeana mkataba wa kutowauzia wala kuwapangisha Watu Weusi. Watu walikusanyika nje ya nyumba, na kitu kizito kilichorushwa kikapita dirishani, kikamkosa Lorraine kidogo tu. Baadaye aliandika kwamba mama yake alikuwa akizunguka ndani ya nyumba usiku kucha akiwa na bastola, huku baba akihangaika na kesi mahakamani.

Kesi hiyo, Hansberry v. Lee, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1940 Carl alishinda. Ila ushindi wenyewe ulikuwa wa utaratibu wa kisheria. Mahakama haikutamka kwamba mikataba ile ni batili. Ilibidi kusubiri hadi 1948, katika kesi ya Shelley v. Kraemer, ndipo ikaamuliwa kwamba mahakama haziwezi kuitekeleza. Carl alikuwa amefariki Mexico miaka miwili kabla ya hapo, akiwa na mpango wa kuihamishia familia huko. Nyumba bado ipo Chicago, na mwaka 2010 jiji liliipa hadhi ya alama ya kihistoria.

Kuhusu waigizaji wa nafasi hii: John Fiedler aliicheza Broadway mwaka 1959, akairudia kwenye filamu ya 1961, na kwenye ile ya televisheni ya 1989 ni yeye tena, sasa mzee. Sauti yake nyembamba, ya mtu asiyeweza kumdhuru nzi, watoto wanaijua kwa Piglet kwenye katuni za Winnie the Pooh. Sauti hiyo ikitamka maneno ya Lindner, inatisha kuliko ya mtu yeyote anayefoka. Mwaka 2008 nafasi hiyo alipewa John Stamos, kijana mzuri wa sura. Anajitahidi, lakini wa Fiedler ndiye anayekaa kichwani.

Nimesikia Jomo Kenyatta anatajwa. Ni kweli?

Ndiyo, kwenye maandishi ya tamthilia yumo. Beneatha amevaa vazi la Kinigeria alilopewa zawadi, ameweka santuri, anacheza. Walter anaingia amelewa. Badala ya kumcheka dada yake, anashikwa na kitu. Anaruka juu ya meza, anajiona kiongozi anayewahutubia mashujaa, na anaanza kumtaja Jomo, Kenyatta, kama mtu wake wa karibu, huku akijipiga kifua.

Fikiria tarehe. Mchezo unafunguliwa Machi 1959, na Kenyatta bado ni mfungwa Lokitaung, kule Turkana, baada ya hukumu ya Kapenguria ya 1953. Magazeti mengi ya Magharibi yalikuwa yakimwita kiongozi wa magaidi. Na hapa dereva wa Chicago, ambaye hajawahi kutoka Marekani, analiita jina lake kwa fahari mbele ya watazamaji wa Broadway ambao wengi wao walikuwa Wazungu.

Hansberry aliyajua mambo haya. Alifanya kazi kwenye Freedom, gazeti la mwimbaji na mwanaharakati Paul Robeson lililofuatilia harakati za ukombozi wa Afrika, na alisoma historia ya Afrika kwa mwanazuoni W.E.B. Du Bois. Baba yake mkubwa, William Leo Hansberry, alikuwa mwanazuoni wa historia ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Howard. Watazamaji walimwona mlevi akichekesha juu ya meza. Aliyemwandika alikuwa anafuata habari za Kenya kwa miaka.

Mimi huwashauri marafiki zangu Wakenya na Watanzania walitazame onyesho hilo mara mbili, kwanza kwa kucheka, kisha kwa kumwangalia Ruth, aliyesimama pembeni akiwa na haya mbele ya mgeni aliyekuja kumchukua Beneatha.

Asagai je? Mwafrika ameonyeshwa vizuri?

Joseph Asagai ni mwanafunzi Myoruba kutoka Nigeria, naye anampenda Beneatha. Kwa Marekani ya 1959 alikuwa kitu kipya: Mwafrika msomi, mcheshi, mwenye hoja, aliyevaa vizuri. Sinema za wakati ule zilikuwa zimemzoeza mtazamaji Mwafrika wa mkuki na ngoma.

Familia imekwisha kupata pigo lake kubwa ndipo Asagai anapokuja, akamkuta Beneatha amekata tamaa na watu wote. Hampi pole. Anamweleza juu ya kurudi kijijini kwao, kufundisha na kufanya kazi, huku akijua kwamba mambo yatakwenda polepole, na kwamba hata watu wake wenyewe wanaweza siku moja kumuua. Nigeria ilikuwa bado koloni. Uhuru ulikuja tarehe 1 Oktoba 1960. Sisi tunaojua yaliyotokea barani baada ya hapo, hotuba ile tunaisikia kwa sikio jingine kabisa. Ni sehemu ndefu, na watayarishaji wenye haraka huipunguza. Filamu ya 1961 iliipunguza sana Afrika ya Beneatha.

Mwaka 2008 Asagai ni David Oyelowo, aliyezaliwa Oxford na wazazi Wanigeria. Wengi huku tunamjua kwa Queen of Katwe, alipoigiza mwalimu wa chesi wa Kampala. Onyesho lake na Sanaa Lathan ni kati ya mazuri zaidi katika filamu hiyo, na kwangu ni sababu tosha ya kuitazama.

Sean Combs aliiweza nafasi ya Walter?

Kwa sehemu. Alikuwa amekwisha kuicheza Broadway mwaka 2004, chini ya Kenny Leon huyohuyo, na waliomzunguka walikuwa walewale: Rashad, McDonald na Lathan. Mwaka ule Rashad alipata tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata, na McDonald akapata ya mwigizaji msaidizi.

Simama karibu na hao uonekane! Combs anafaa pale Walter anapoota ndoto na kutamba. Palipo na kuvunjika, Glover yuko mbali mbele yake. Glover ana mwili mkubwa, na kumwona mtu mkubwa namna ile akianguka sakafuni kwa ajili ya pesa zilizopotea kunaumiza.

Lakini jina la Combs lilileta watu. Usiku ule wa 2008 watazamaji walizidi milioni 12. Tamthilia iliyoandikwa nusu karne kabla iliingia sebuleni kwa watu wengi ambao wasingekata tiketi ya Broadway.

Mhusika mkuu ni Walter au Mama?

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko filamu zote. Poitier, wakati wa maandalizi ya 1959, alishikilia kwamba hadithi ni ya Walter, na mchezo ukiegemea kwa Mama unamfanya Walter aonekane mtoto mtundu. Hakukubaliana na Hansberry wala na Claudia McNeil, aliyekuwa Mama.

Filamu mbili za televisheni zinajibu tofauti. Ile ya 2008, kwa uzito wa Rashad na McDonald, ni hadithi ya wanawake wanaoishikilia nyumba isianguke. Ya 1989 ina mizani bora. Esther Rolle, ambaye Wamarekani walimzoea kama mama wa familia maskini ya Chicago kwenye mfululizo wa televisheni wa Good Times, anamwacha Glover asimame. Lindner anaporudi mara ya mwisho, Ruth anataka Travis aondoke asione baba yake akijidhalilisha kwa pesa. Mama anakataa: mtoto abaki, na Walter aseme atakayosema mbele ya macho ya mwanawe. Baada ya hapo Mama ananyamaza. Rolle anajua kunyamaza.

Kuna kazi nyingine zinazoendeleza hadithi?

Zipo mbili za jukwaani zinazofaa kutajwa. Clybourne Park ya Bruce Norris, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2011, inaingia ndani ya nyumba ambayo Mama aliinunua. Beneatha's Place ya Kwame Kwei-Armah, ya mwaka 2013, inamfuata Beneatha hadi Nigeria akiwa na Asagai. Ya pili ndiyo ningependa kuiona ikichezwa Nairobi au Dar es Salaam.

Nisome kwanza au nitazame kwanza?

Tazama ya 1989, kisha soma. Maandishi yana maelezo ya jukwaani ambayo ni fasihi kamili: samani zilivyochakaa, meza au kiti kilivyosogezwa kufunika zulia palipochakaa. Hakikisha nakala unayonunua ina Bi Johnson. Matoleo ya zamani hayana. Na unapotafuta filamu, andika mwaka na jina la mwongozaji, Bill Duke kwa ya 1989 na Kenny Leon kwa ya 2008. Ukiandika jina la tamthilia peke yake, mara nyingi utaletewa ya Poitier.